Nyie mnaoanza kujifunza kuimba, pitieni kwanza njia ya Rosalía

Kila wakiingia wanafunzi wapya wa sauti swali la kwanza ni lile lile, mwalimu nifanyeje nitoke haraka, na jibu langu huwa ni kumtaja Rosalía, yule dada mwimbaji wa Hispania mwenye kucha ndefu, maana wengi wanamjua kwa "Despechá" ya 2022 na video za TikTok basi. Alichofanya miaka kama kumi kabla ya hapo hawakijui kabisa, na hicho ndo nataka mkijue kabla hamjaanza kuniletea demo.

Kazaliwa Septemba 1992, kakulia Sant Esteve Sesrovires, mji mdogo nje ya Barcelona. Sasa hapo ni Catalonia, kaskazini mashariki, wakati flamenco, ule muziki wa jadi wa kuimba kwa gitaa na makofi, kwao ni Andalucía, kusini kabisa, tena mikononi mwa Wagitano, yaani Waroma wa Hispania, kwa sehemu kubwa. Imefikaje huko? Ni hivi, miaka ya 1950 mpaka 1970 watu wa Andalucía walihamia Catalonia kwa wingi kutafuta kazi viwandani na nyimbo zao wakaja nazo, kwa hiyo ukanda ule wa Baix Llobregat, ulipo mji wa kina Rosalía, umejaa watoto na wajukuu wao. Rosalía kwao nyumbani hakukuwa na waimba flamenco, alikuwa na miaka kama 13 yuko nje na marafiki, muziki unapigwa kwenye magari, akamsikia Camarón de la Isla, Mgitano wa San Fernando kule Cádiz aliyefariki mwaka huo huo wa 1992. Basi akanasa hapo hapo. Wenzake waliendelea na maisha yao, yeye akaanza kutafuta nani atamfundisha kuimba vile.

Akiwa na miaka 15 akaenda kwenye shindano la vipaji la televisheni, Tú sí que vales, mwaka 2008, hakupita. Hili nalitaja haraka tu kwa sababu nyie mnapenda sana mashindano, mtu akitolewa raundi ya kwanza anakaa mwezi mzima hataki hata kufanya mazoezi. Majaji wale walimsikia dakika chache, yeye kesho yake alikuwa bado ana koo lake na ana kiu yake.

Na hilo koo nalo, hapa naomba mnisikilize vizuri. Alipokuwa na miaka kama 17 sauti ilimharibikia, akafanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti, na ikabidi akae karibu mwaka mzima bila kuimba halafu ajifunze upya. Mwaka mzima, mtu ambaye maisha yake yote ni kuimba! Flamenco inabana koo mno, ile sauti ya kukwaruza na kulia unayoisikia kwa wazee inatoka kwenye mwili uliozoezwa tangu utotoni, kijana akiiga tu kwa nguvu anajiumiza. Na sio flamenco peke yake, mimi napokea vijana wanakuja sauti imeshakauka, wameimba kwenye harusi Ijumaa Jumamosi Jumapili, spika mbovu, wanapiga kelele kushindana na ngoma, kisha wanakula pilipili na kuongea usiku kucha, wakija kwangu wanataka niwafundishe kupanda noti za juu. Siwafundishi. Kwanza tunapumua, tunakunywa maji, tunalala, na koo likiuma unanyamaza, hakuna mjadala. Ukikwaruza zaidi ya wiki mbili nenda kwa daktari wa koo, usinywe tangawizi ukajiona umepona.

Baada ya hapo ndo akaingia shule hasa. Alianzia Taller de Músics, Barcelona, kisha ESMUC ambayo ndo chuo kikuu cha muziki cha Catalonia, na mwalimu wake wa uimbaji alikuwa José Miguel Vizcaya, wanamwita El Chiqui de la Línea. Ile kozi ya kuimba flamenco ilikuwa inachukua mwanafunzi mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo mwalimu ni wako na wewe huna pa kujificha. Huko hufundishwi "kuimba vizuri" kwa ujumla, unafundishwa aina moja moja za nyimbo, soleá, seguiriya, bulería, kila moja na mwendo wake na mashairi yake na namna wazee walivyoiimba, na unakaa na wimbo mmoja wa La Niña de los Peines, mama aliyerekodi mwanzoni mwa karne ya 20, unausikiliza mpaka unajua anavuta pumzi wapi.

Chukua soleá ujaribu mwenyewe sasa hivi. Hesabu 12, makofi ya nguvu yanaangukia 3, 6, 8, 10 na 12. Mwanzo utaona rahisi, halafu jaribu kuimba juu yake huku mkono hauyumbi uone, mafungu mawili ya kwanza ni marefu, hesabu tatu tatu, halafu ghafla yanafuata mafupi ya mbili mbili, na sauti inatakiwa iteleze juu bila kukanyaga hesabu. Wanafunzi wangu nawapa hili hata kama wanaimba bongofleva au taarabu, maana wengi tumezoea biti ya kompyuta itubebe, siku umeme umekatika hatujui tuko wapi.

Huku anasoma alikuwa anaimba kwenye mabaa na maharusi, na anafundisha wengine. Albamu ya kwanza, Los Ángeles, imetoka 2017, kaifanya na mpiga gitaa Raül Refree, gitaa na sauti basi, na nyimbo zote zinahusu kifo. Hebu fikiria binti wa miaka 24 anaanza kazi na albamu ya namna hiyo! Kwangu mimi ndo kazi yake ya ujasiri kuliko zote, hakuna pa kuficha kosa hata moja.

Halafu ikaja ile ambayo nyie wa chuo inawahusu moja kwa moja. El Mal Querer, albamu iliyomfungulia dunia, ilikuwa projekti yake ya kumaliza chuo. Ndio, ile ile karatasi ambayo wengi wenu mnaiona usumbufu mnatafuta mtu awaandikie. Yeye alichukua riwaya ya karne ya 13 inaitwa Flamenca, ya lugha ya Kioksitani, lugha ya zamani ya kusini mwa Ufaransa, mwanamke kafungiwa na mume mwenye wivu, akaigawa kuwa nyimbo 11 na kila wimbo ni sura yenye jina lake, ndoa, wivu, ugomvi, kilio, mpaka ya mwisho ambayo ni nguvu. Produsa alikuwa Pablo Díaz-Reixa, El Guincho, na sehemu kubwa wameirekodi nyumbani kwake, kompyuta na maiki, hakuna studio ya mamilioni. Sikilizeni "De aquí no sales", pikipiki zinanguruma zikawa ngoma, "Bagdad" nayo ina melodi ya Justin Timberlake ndani yake imekaa kama wimbo wa kanisani. Angeweza kufanya hivyo bila ile miaka ya soleá? Mi nasema hapana, alivunja vitu ambavyo alikuwa anajua vimejengwaje. Wimbo wake wa kwanza, "Malamente", ukatoka Mei 2018, Novemba albamu yenyewe, mwaka huo huo akachukua tuzo mbili za Latin Grammy, na 2019 albamu bora ya mwaka.

Lakini lawama nazo zilikuja, na wala si za kupuuza. Wagitano wengi walisema huyu si wetu, si hata wa Andalucía, anachukua matamshi yetu na alama zetu anapata pesa na sifa ambazo waimbaji wetu hawakuwahi kupewa, na ukijua jinsi jamii ile ilivyodharauliwa Hispania kwa karne nyingi utaelewa uchungu wao. Mimi namheshimu sana Rosalía na bado naona wana haki ya kusema. Kwa hiyo wewe unayetaka kuchukua ngoma ya kabila lisilo lako au taarabu ya bibi wa watu ukaiwekea biti, nenda ukae nao kwanza, jifunze kwao, na uwataje. Yeye kwenye wimbo wa "Bulerías" wa mwaka 2022 anawaombea baraka waimbaji wa flamenco Niña Pastori na José Mercé, kwa majina kabisa.

Mengine mnayajua, "Con altura" na J Balvin 2019 imepita bilioni YouTube, albamu ya Motomami 2022 ikampa tena albamu bora ya mwaka ya Latin Grammy, na Novemba 2025 katoa albamu ya Lux na okestra ya London Symphony Orchestra, anaimba lugha zaidi ya kumi, Kijerumani kimo, Kiarabu kimo. Umaarufu wote ule na bado anakaa chini kujifunza matamshi.

Sasa kazi ya wiki ya kwanza, kabla hatujakutana. Anza na Los Ángeles, sikiliza kwa earphone, usisikilize unachati. Siku ya pili El Mal Querer kwa mpangilio wake, wimbo wa 1 mpaka wa 11, usiruke, na kila wimbo uandike makofi yanaingia wapi na anavuta pumzi wapi. Ya tatu rudi kwa Camarón, La leyenda del tiempo ya 1979, maana naye alishambuliwa kwa kuingiza gitaa la umeme na ngoma za roki. Uje na daftari, na tutaanza na makofi, kuimba ni wiki ya pili.