Muuguzi anakuja nyumbani, nani analipa?

SUALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya serikali Wete, mwanachama wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Mama yangu, miaka 71, alipata kiharusi. Karudi kutoka hospitali na mpira wa mkojo na kidonda cha kiunoni. Muuguzi wa mtaani anakuja kila siku kwa shilingi 10,000. Mwezi huu nimeshatoa 300,000. Nikipeleka risiti, nitarudishiwa?

JIBU: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Mama tunamuombea shifaa. Pesa hizo usizihesabu kuwa zitarudi. Mfuko, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2023, hulipa kituo chenye mkataba nao, kwa madai yanayoletwa na kituo chenyewe. Muuguzi mliyepatana kwa mdomo hayumo humo, basi risiti yake, hata iwe safi vipi, haina pa kuingilia.

Ya mwezi ujao yashughulikie kabla ya huduma, si baada yake. Kwanza hakikisha mama ameandikishwa kuwa mtegemezi wako. Kadi yako haimhudumii kwa sababu tu ni mzazi wako. Linganisha jina lake kwenye Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na kwenye orodha ya Mfuko, herufi kwa herufi. Kwetu Fatma na Fatuma ni mtu mmoja, kwenye kompyuta ni wawili. Kisha mwombe daktari aliyemruhusu akuandikie barua yenye jina la ugonjwa, kazi inayotakiwa kufanywa nyumbani, mara ngapi kwa wiki na mpaka lini. Barua inayosema "anahitaji uangalizi" tu haimwezeshi yeyote kuamua. Ipeleke ofisi ya Mfuko, uulize ni kituo gani chenye mkataba kinachoweza kuifanya kazi hiyo, na jibu ulipate kwa maandishi.

Lakini kinachokumaliza ni hizo ziara 30. Kumwogesha, kumlisha na kumgeuza hakuhitaji muuguzi. Mgeuzeni kila baada ya saa 2, usiku pia, kwa zamu. Asipogeuzwa, nyama ya kiunoni hubanwa baina ya mfupa na godoro, damu haifiki, na kidonda hakifungi hata kisafishwe kila asubuhi. Mfuko wa mkojo uwe chini ya kiuno chake daima, ila usiguse sakafu, na umwagwe ukifika theluthi mbili. Ukiinuliwa juu, mkojo hurudi ndani na maambukizi pamoja nao.

Mwiteni muuguzi kwa kidonda na kwa kubadilisha mpira. Kidonda kisichotoa maji mengi kwa kawaida hubadilishwa bendeji kila baada ya siku 2 au 3. Mpira wa kawaida hubadilishwa baada ya wiki 4 hivi. Daktari akikubali mara 3 kwa wiki, ni ziara kama 13, yaani 130,000. Mpira ubadilishwe siku moja na kidonda. Homa, mkojo wenye damu au mpira usiotoa kitu havingoji zamu ya muuguzi: hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo moja hukutuuliza. Mama ana miaka 71, je, anapokea Pensheni Jamii, fedha za kila mwezi ambazo Serikali ya Zanzibar huwapa wazee? Ilianza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 na sasa ni 50,000 kwa mwezi, kwa kila mkaazi aliyefika miaka 70, awe na kipato au hana. Kama hayumo, nenda kwa sheha na kitambulisho chake. Wengi huzuiliwa na mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwa kukisia. Ukiwa umekosewa, anza kuusahihisha ofisi ya usajili ya wilaya. Na mwambie sheha mapema kwamba hawezi kutoka kitandani, ili njia ya kumfikishia fedha zake ipangwe tangu anapoandikishwa.