Kabla ya Kulaumu Mashine, Tazama Kisagio: Maswali Yenu Kuhusu Espreso ya Nyumbani

Maswali ya safari hii yametoka Dodoma, Singida na Kondoa. Mmoja analalamikia mashine, mwingine kahawa, mwingine umeme, lakini karibu yote yanaangukia kwenye kifaa kimoja: kisagio.

Wahariri, habari za kazi. Nina mashine ndogo ya espreso ya kuweka mezani. Kahawa naisaga kwa blenda, kwenye kile kikombe cha kusagia viungo. Maji yanapita kwa sekunde kama 8, kahawa inatoka nyepesi, ina uchachu, na juu haina povu. Fundi ananiambia mashine haina nguvu, ninunue kubwa zaidi. Ni kweli?
*Msomaji wa Ilazo, Dodoma*

Usinunue mashine nyingine kwanza. Dalili ulizotaja ni za usagaji. Espreso ni maji ya moto yanayosukumwa kwa shinikizo la takriban bar 9 yapite kwenye unga ulioshindiliwa, na kinachoyachelewesha maji hayo ni unga wenyewe. Unga ukiwa na chenga, maji yanapata mwanya na kukimbia kabla hayajachukua utamu, na unachoonja ni uchachu. Ukiwa laini mno, maji yanakwama, yanadondoka tone tone, na kikombe kinakuwa chungu chenye ukakasi mdomoni.

Blenda haisagi, inakatakata. Kisu kinapiga punje yoyote inayokutana nayo, kubwa na ndogo. Chukua kijiko kimoja cha kahawa uliyoisaga, kitandaze juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Utaona vipande vikubwa kama kichwa cha kiberiti vimelala pamoja na vumbi linalong'ang'ania kidole. Chenga zinatoa uchachu na vumbi linatoa uchungu, vyote ndani ya kikombe kimoja. Kuiwasha blenda kwa muda mrefu zaidi hakuondoi tofauti hiyo. Kunaongeza vumbi na kupasha kahawa moto.

Kisagio cha kweli kina pete mbili za meno, moja imetulia na nyingine inazunguka. Punje inavunjwa katikati yake na haitoki mpaka iwe ndogo kiasi cha kupita kwenye mwanya uliobaki. Unaporekebisha kisagio, unachofanya ni kupanua au kubana mwanya huo.

Ila kabla ya kutoa hela, geuza kichujio cha mashine yako, kile kikombe chenye matundu kinachobeba unga, ukiangalie chini. Kama ndani kina matundu mengi lakini upande wa nje kina kitundu kimoja tu, hicho ni kichujio cha kuta mbili. Kinatengeneza shinikizo chenyewe kupitia kile kitundu, hivyo kinavumilia hata kahawa ya pakiti iliyosagwa kiwandani. Ukibaki nacho, kisagio cha kawaida chenye pete kinakutosha. Kama matundu yanaonekana pande zote mbili, hapo ndipo kisagio kinaamua kila kitu, na tunakushauri utenge fedha nyingi kwenye kisagio kuliko kwenye mashine. Mashine ya kawaida yenye kisagio kizuri inatoa kahawa inayonyweka. Mashine ya gharama yenye kisagio kibovu haitoi.

Dukani, uliza kwanza ukubwa wa hatua za marekebisho. Kwa espreso, kubana mwanya kwa mikroni 20 tu (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kunaweza kubadilisha muda wa maji kwa sekunde kadhaa. Visagio vingi vya bei nafuu vina hatua kubwa: kwenye namba moja maji yanakimbia, kwenye namba inayofuata yanakwama, na unachotaka kiko katikati ambapo huwezi kufika. Tafuta hatua isiyozidi mikroni 20 hivi, au kisagio kinachozunguka bila hatua kabisa. Suala la pete bapa au pete za koni lisikusumbue, zote zinafanya kazi.

Bajeti ikibana, nunua cha mkono kilicho kizuri kuliko cha umeme kilicho dhaifu. Kiwe na mwili wa chuma, meno ya chuma na mhimili ulioshikwa na beringi mbili. Shika mhimili, utikise kando kwa kando. Ukicheza, kirudishe, maana pete inayoyumba inasaga upande mmoja laini na mwingine chenga. Kusaga gramu 18 za espreso kwa mkono kunachukua dakika moja hadi mbili, na kahawa iliyokaangwa kidogo ni ngumu zaidi.

Shikamooni. Nimepata kisagio cha umeme chenye namba 1 hadi 40, lakini maelekezo hayasemi espreso ni namba ngapi. Nikibana sana kinakoroma na kuzima. Naanzia wapi?
*Msomaji wa Nkuhungu*

Marahaba. Namba ya mtu mwingine haitakusaidia hata kama kisagio ni cha aina ileile, kwa sababu namba inahesabiwa kutoka pale pete zinapogusana, na mahali hapo hutofautiana kifaa kwa kifaa. Patafute pako. Kisagio kikiwa kitupu na kisafi, kiwashe, kisha bana polepole mpaka usikie mlio mwembamba wa chuma kugusa chuma. Legeza papo hapo. Pale ndipo sifuri yako, na espreso iko hatua chache juu yake. Kwa kisagio cha mkono, bana mpaka mpini usizunguke kwa uhuru, kisha uhesabu hatua kuanzia hapo.

Halafu tafuta mizani ya kidijiti inayosoma gramu 0.1. Bila mizani utakuwa unabahatisha kila asubuhi. Anza na gramu 18 za kahawa kama kichujio chako ni cha ukubwa huo, na lenga kupata gramu 36 za espreso kikombeni kwa sekunde 25 hadi 30, ukihesabu tangu unapowasha pampu. Zikifika gramu 36 kwa sekunde 15, bana. Zikichukua sekunde 45, legeza. Uzito wa kahawa usiuguse wakati unatafuta usagaji, maana ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kilicholeta nafuu. Muda ukishakaa sawa, acha ulimi uamue: bado kuna uchachu, bana kidogo, kuna ukakasi, legeza kidogo.

Kukoroma na kuzima kwake kunatokana na kubana wakati mota imesimama. Punje zilizonaswa katikati ya pete hazina pa kwenda, na mota inapowashwa inakuta imezibwa. Kisagio kikiwa na kahawa ndani, bana wakati kinazunguka tu. Kulegeza hakuna shida hiyo. Ukishabadilisha namba, saga gramu 3 hadi 5 uziweke kando kabla ya kusaga ya kunywa. Kwenye koo la kisagio kunabaki unga wa namba ya zamani, na huo ndio unaowachanganya wengi: wanabana, hawaoni tofauti, wanabana tena, na kikombe cha tatu hakitoki kabisa.

Tazama pia namna kahawa inavyotoka. Ikirusha michirizi pembeni, au upande mmoja ukianza kuwa mweupe mapema, maji yamejipenyeza kwenye ufa. Usikimbilie kubadilisha namba. Vunja mabonge kwa sindano nyembamba uliyoichomeka kwenye kizibo cha chupa, koroga unga mpaka chini ya kichujio, sawazisha, kisha shindilia wima. Nguvu ya mkono si hoja kubwa; hoja ni unga kulala sawasawa bila kuinama upande mmoja.

Tangu mwezi Juni unga wa kahawa unaruka kila mahali, unaganda kwenye kikombe cha plastiki na kwenye meza. Miezi ya mvua haikuwa hivi. Kisagio kimeharibika?
*Msomaji wa Kisasa*

Kizima kabisa. Ni ukavu wa hewa ya Dodoma. Punje zinaposuguana na kuvunjika zinajichaji umeme tuli, na katika miezi ya kiangazi hewa haina unyevu wa kuupunguza. Kahawa iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi imepoteza maji mengi, hivyo inasumbua zaidi.

Pima gramu zako 18, chovya mpini wa kijiko kwenye maji, kung'uta, kisha korogea punje kwa mpini huo. Tone moja au mawili yanatosha. Saga mara moja. Usiifanye hila hii kwenye kisagio unachokijaza punje za siku nzima, kwa sababu unyevu utakaa juu ya kahawa iliyobaki na kufika kwenye pete. Kikombe cha chuma cha kupokelea unga ni bora kuliko cha plastiki.

Na ujiandae: mvua zikianza, mara nyingi mwezi Desemba, namba yako ya kiangazi huenda isifae tena. Pima muda upya.

Mtaani kwetu kuna mashine ya kusaga mahindi. Nikipeleka kilo moja ya kahawa wanaweza kunisagia laini ya espreso?
*Msomaji wa Kondoa*

Hapana. Mashine nyingi za unga zinapiga nafaka kwa nyundo mpaka ipite kwenye chekeche, na huwezi kuchagua ukubwa kwa usahihi unaohitajika hapa. Ndani kuna mabaki ya mahindi na mtama, na wateja watakaofuata watakula ugali wenye harufu ya kahawa. Zaidi ya hayo, kahawa iliyosagwa inapoteza harufu upesi, na kilo moja ni nyingi mno kwa nyumba moja. Kwa kahawa ya kuchemsha kwenye birika, kinu na mchi vinatosha.

Nanunua buni mbichi sokoni na kukaanga mwenyewe kwenye kikaango. Juzi kisagio kilitoa mlio wa "kraa!" kikakwama. Sasa kinasaga lakini unga hauko kama zamani.
*Msomaji wa Singida Mjini*

Kwa uwezekano mkubwa ni jiwe. Buni iliyoanikwa chini huja na vijiwe, na baada ya kukaanga vinafunikwa na makapi, visionekane. Chagua ikiwa bado mbichi: mwaga kiganja kwa kiganja kwenye ungo, chini ya mwanga wa jua. Kijiwe kinang'aa tofauti, na ukipepeta kinagonga kwa sauti kali kuliko punje. Baada ya kukaanga, chagua tena. Toa pia punje zilizobaki kahawia hafifu, kwa sababu punje isiyoiva ndani ni ngumu na inaweza kukwamisha kisagio kidogo karibu kama jiwe.

Sasa chomoa waya ukutani, ondoa chombo cha punje, fungua pete ya juu na uipitishe kwenye mwanga ukizungusha polepole. Ncha ndogo iliyomeguka kwenye jino moja inavumilika. Meno kadhaa yakiwa yamekatika, badilisha pete zote mbili kwa pamoja, si moja. Siku nyingine ukisikia mlio huo, zima papo hapo, legeza mwanya hadi mwisho na utoe jiwe kwa mkono. Kuwasha tena ukitumaini litapita ndiko kunakovunja meno.

Jambo la pili ni muda wa kupumzisha. Kahawa iliyotoka kikaangoni ina gesi nyingi. Inatoa povu kubwa linalozama upesi, na maji yanapita ovyo. Iweke kwenye chombo kinachofunga, ukikifungua kidogo kila siku siku za mwanzo, na subiri angalau siku 5 hadi 7. Kadiri wiki zinavyopita utalazimika kubana kidogo kidogo. Ukihama kutoka arabika ya Mbozi au Mbinga kwenda robusta ya Kagera, tafuta namba upya. Robusta ina krema, yaani povu la juu, nzito na uchungu zaidi.

Nimesikia kisagio kinasafishwa kwa kusaga mchele. Pia mama anapenda kahawa ya iliki na tangawizi, je, nisage vyote pamoja?
*Msomaji wa Makole*

Mchele mbichi uache. Ni mgumu kuliko kahawa iliyokaangwa, unaelemea mota ndogo, na wanga wake unabaki ndani ukigandamana na mafuta ya kahawa. Chomoa waya, toa pete ya juu, piga brashi kavu kwenye meno na kwenye koo la kutokea unga, pangusa kwa kitambaa kikavu. Maji yasiguse meno ya chuma kwani yanashika kutu. Ukisaga kila siku, fanya hivyo mara moja kila wiki mbili. Kwa kahawa nyeusi yenye mafuta, kila wiki. Skrubu isiyofunguka usiilazimishe, maana baadhi ya visagio vina nyuzi zinazofungukia upande wa kinyume.

Iliki na tangawizi zitwangwe kando. Harufu yake ikishaingia kwenye kisagio itakaa kwenye kila kikombe kwa wiki nyingi, na vipande vya tangawizi kavu vina nyuzi zinazojisokota kwenye pete. Mtilie mama viungo kwenye kikombe chake.

Ndugu yangu yuko Marekani, anataka kuniletea kisagio kizuri. Kitafanya kazi huku?
*Msomaji wa Area C*

Mwambie asome kibandiko cha chini kabla ya kulipa. Kikiandikwa 110V au 120V, 60Hz, ukikichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 kitaungua. Transfoma inashusha volti, lakini haibadilishi hertz 50 za huku kuwa 60, na baadhi ya mota zitazunguka taratibu na kupata moto. Kikiandikwa 220–240V, 50Hz, au 100–240V, 50/60Hz, kije. Utahitaji plagi ya miguu mitatu ya bapa tu. Au alete cha mkono, na kwenye mzigo huohuo aweke seti moja ya pete za akiba za modeli hiyohiyo.