Hiyo "sumu" inayoondolewa ni ipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nauza juisi Kirumba, Mwanza. Nataka kuandika kwenye bango kwamba rozela ina antioksidanti. Wengine wanasema niandike "viondoa sumu", wengine "vioksidishaji". Lipi sahihi?

JIBU: Marahaba. Andika "vizuia uoksidishaji". Bango likiwa dogo, "antioksidanti" inatosha, imeshazoeleka. "Vioksidishaji" usithubutu, maana ni vitu vinavyooksidisha, yaani vinavyopokonya vitu vingine elektroni (chembe ndogo zilizo ndani ya atomi), kinyume kabisa cha unachouza. Oksijeni yenyewe ni kioksidishaji. Jina hilo la oksijeni liliundwa kwa Kigiriki na mwanakemia Lavoisier wa Ufaransa, akimaanisha "kizaa asidi".

Lakini "viondoa sumu" ndiyo inayonichoma roho. Siku hizi kila kitu kinaondoa sumu: tangawizi, mlonge, hata maji ya uvuguvugu! Juzi hapo mwaloni spika ilinadi unga wa majani kwa neno hilo asubuhi nzima, na sikusikia mtu akiuliza sumu gani. Kwa Kiswahili tuna sumu ya panya, sumu ya nyoka. Kinachoitwa sumu hapa ni oksijeni tendaji, yaani oksijeni iliyo katika hali ya kudaka elektroni upesi. Hiyo huzalishwa na mwili wenyewe unapounguza chakula, na chembe nyeupe za damu huitumia kuulia bakteria. Ikizidi ndipo hudhuru, kwa kuwa hupokonya elektroni za jirani zake. Kizuia uoksidishaji hakiitoi nje. Huipa elektroni yake, nayo ikatulia. Kutoa sumu ni kazi ya ini na figo.

Na neno hili linapotosha watu, ndiyo maana silinyamazii. Aliyeaminishwa kwamba anaondoa sumu atadhani akimeza zaidi atasafika zaidi. Kule Finland, matokeo ya utafiti yaliyotoka 1994 yalionyesha kuwa wavuta sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini, ambayo nayo ni kizuia uoksidishaji, walipata saratani ya mapafu kwa wingi kuliko wasiopewa.

Chukua parachichi, likate vipande viwili. Kimoja kikamulie ndimu, kingine kiache hivyo hivyo. Ukirudi baada ya saa chache, kilichoachwa kimegeuka kahawia, chenye ndimu bado kina ukijani wake. Hakuna sumu iliyotoka pale. Vitamini C imekubali kuoksidishwa yenyewe kabla ya nyama ya tunda, na ukali wa ndimu umesaidia. Wekundu wa rozela yako, unaotokana na anthosiyanini, nao una uwezo wa kutoa elektroni vivyo hivyo.

Mteja akikuuliza maana ya bango, mkatie parachichi.