Uliza Mwalimu: Moto uliopita juu ya ziwa

*Shikamoo mwalimu. Sisi ni wavuvi wa dagaa, mwalo wa Kibirizi. Usiku wa giza tukiwa ziwani, taa tumeshawasha, tuliona moto unatoka upande wa Kongo unakuja kwetu taratibu. Ulikatika vipande kama sita, kila kimoja na mkia wake, vyote vinafuatana. Mzee wetu wa chombo alisema ni kimondo, shetani anapigwa. Kijana mmoja akasema ni chombo cha Warusi, kakiona kwenye simu. Nani mkweli? Na kinaweza kutuangukia?*
*Mvuvi, Kibirizi*

Marahaba mwanangu. Umenipa kila ninachohitaji isipokuwa tarehe. Siku nyingine andika tarehe na saa, hata kwa mkaa kwenye ubao wa mtumbwi.

Mzee usimcheke. Bibi yangu wa Ujiji akiona kimondo alikuwa anavuta kanga kichwani na kusoma dua, na mimi mjukuu wake niliyekuja kufundisha fizikia bado huwa nanyamaza kidogo nikikiona. Ila safari hii kijana yuko karibu zaidi na ukweli. Kimondo hakikupi nafasi ya kumwita mwenzako: ukisema "tazama kule", kimekwisha. Kinaingia kwa kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde. Satelaiti iliyochoka, au gamba la roketi, huingia kwa kilomita kama 8 kwa sekunde, tena kwa kulala, haichomi wima. Ndiyo maana inaweza kuvuka anga dakika nzima au zaidi huku ikimeguka, vipande vikifuata njia moja kama bata.

Halafu umesema ulitoka Kongo. Hapo ndipo nilipotabasamu. Vyombo vingi hurushwa kuelekea mashariki, ili viazime mwendo wa dunia inavyojizungusha, kwa hiyo vingi hutujia kutoka magharibi. Kwa kasi hiyo, kikishapita juu ya Kigoma, dakika mbili na nusu baadaye kiko juu ya Dar es Salaam. Sisi wa treni tunajua safari hiyo inavyotuchosha.

Lakini hicho "cha Warusi" kijana amekichanganya. Atakuwa amesoma habari za Kosmos 482. Wasovieti walikirusha Machi 31, 1972 kiende sayari ya Zuhura, roketi ikazima mapema, kikabaki kinaizunguka dunia kwa miaka 53. Kilianguka Mei 10, 2025 katika Bahari ya Hindi, magharibi ya Jakarta, kwa maelezo ya Warusi wenyewe. Kwa saa zetu ilikuwa asubuhi, nanyi moto wenu mliuona usiku, kwa hiyo si hicho.

Miaka 53 kilikuwa kinangoja nini? Huko juu hewa haijaisha kabisa. Kuna chembechembe, na kila mzunguko zinakipunguzia mwendo kidogo, kama wavu uliosahaulika ukiburuzwa nyuma ya mtumbwi. Kinashuka, kinakuta hewa nzito zaidi, kinazidi kushuka. Kikifika kilomita 120 hivi kutoka ardhini, safari imekwisha. Wengi husema kinaungua kwa msuguano tu. Shika pampu ya baiskeli uijaze tairi, kisha gusa chini yake: imepata joto kwa sababu hewa imeshindiliwa. Chombo nacho kinaishindilia hewa iliyo mbele yake mpaka inawaka. Bati la alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo hilo halifiki. Titani inangoja mpaka nyuzi 1,668, na matangi mengi ya mafuta yameundwa kwa titani. Hayo ndiyo hufika.

Kuwaangukia? Zaidi ya theluthi mbili ya dunia ni maji. Hakuna mtu anayejulikana kufa kwa taka za anga. Mwanamke mmoja wa Tulsa, Marekani, mwaka 1997 aliguswa begani na kipande chepesi cha roketi, akaenda zake. Na ninyi mnaolala ziwani bila boya mnaniuliza habari za satelaiti!

*Salaam mwalimu. Nanunua vyuma chakavu hapa Tabora. Je, chuma kilichoanguka kutoka angani ni cha nani? Aliyekiokota si ana haki ya kuuza?*
*Mfanyabiashara, Tabora*

Ndugu yangu, hana. Mkataba wa anga wa mwaka 1967 unasema chombo kikirudi duniani bado ni mali ya mwenyewe. Mkataba mwingine wa 1972 unaitwisha nchi iliyokirusha fidia ya madhara yatakayotokea ardhini. Kosmos 954, satelaiti ya Wasovieti iliyobeba mtambo wa nyuklia, ilisambaratika juu ya Kanada Januari 1978. Kanada ilidai dola za kwao milioni 6, ikalipwa milioni 3.

Najua unachofikiria: mizani. Mwezi Desemba 2024 duara la chuma la kilo kama 500, upana mita mbili na nusu, lilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Kilo hizo kwa bei ya skrepa si mchezo. Lakini serikali ililichukua, na ndivyo itakavyokuwa kwako.

Kinachonitisha mimi si sheria. Ni ule mtungi wa gesi ya kukatia. Tangi la mviringo linaweza kubaki na haidrazini, mafuta yanayonuka kama amonia, yenye sumu na yanayolipuka. Ukiona dude kama mpira wa chuma lililobabuka, usiligonge, usilitikise, na watoto wasilikaribie. Mwite mwenyekiti wa mtaa na polisi.

Nikufurahishe kidogo: kituo cha Skylab cha Marekani kilipoanguka Australia Julai 1979, kijana wa miaka 17 aliokota vipande, akapanda ndege navyo mpaka San Francisco, gazeti la huko likampa dola 10,000. Halmashauri ya Esperance nayo iliwapiga Wamarekani faini ya dola 400 kwa kutupa taka. Kwa hiyo kuna aliyewahi kulipwa kwa skrepa ya angani, lakini ni zawadi ya gazeti, haikuwa bei ya kilo.

*Mwalimu, kimondo cha Mbozi nacho ni satelaiti ya zamani?*
*Mwanafunzi, Kasulu*

Hapana, mwanangu. Satelaiti ya kwanza, Sputnik, ilirushwa Oktoba 1957, na kimondo cha Mbozi kilishaandikwa na wageni mwaka 1930, wenyeji wakikijua tangu zamani. Ni chuma na nikeli, kimetoka angani bila fundi. Ukifika Songwe, hicho kiguse tu.