Mkuu, usitume hiyo advansi kabla hujakunja kijitabu kwa mkono wako

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba kurasa zako 14 za hadithi ya jini wa kisimani ziko tayari, kwamba mwenye mashine ya kuchapa amekuahidi "ataziweka sawa", na kesho asubuhi unampelekea nusu ya pesa za nakala 500. Halafu ukatuuliza karatasi gani nzuri, uuze wapi, bei iwe ngapi na usajili vipi. Hayo baadaye. Hilo neno "ataziweka sawa" niliambiwa mimi, Kariakoo, na nakala zangu mpaka leo ziko kwenye maboksi chini ya kitanda cha mama.

Hadithi yangu ilikuwa ya mbuyu unaong'oka usiku wa manane na kutembea kwenda baharini kuoga. Nilichora miezi mitano. Ukurasa wa 3 mtoto anasikia mchanga ukikwaruzwa nje, anashika komeo la dirisha. Unafungua, ukurasa wa 4: mbuyu unapita mbele ya nyumba, mizizi imeinuliwa kama mtu anayeshika kanzu isilowe. Kurasa za 8 na 9 zilikuwa mchoro mmoja: mbuyu baharini, maji ya kiunoni, mwezi umenasa matawini. Mchoro ule nilikuwa naamka usiku kuutazama.

Sasa sikia. Kijitabu cha kubanwa pini katikati kinatokana na karatasi zilizokunjwa, na kila karatasi ikikunjwa inazaa kurasa 4. Kwa hiyo utapata 8, 12, 16, 20. Kurasa 14 hazipo. Fundi wangu wa mashine alilijua hilo, hakuniambia. Akaongeza kurasa 2 tupu, moja mwanzoni na moja mwishoni, eti ipendeze.

Moja mwanzoni, mkuu! Kila kitu kikasogea. Dirisha likaenda ukurasa wa 4, mbuyu ukaenda wa 5, ubavuni kwake. Msomaji anauona mti unatembea kabla mtoto hajashika komeo. Na ule mchoro wa baharini ukawa ukurasa wa 9 na wa 10, yaani mbele na nyuma ya karatasi moja. Shina upande huu, matawi na mwezi upande wa pili. Mtoto wa dada yangu, ana miaka minane, alifika pale akaniuliza, "Mjomba, mti umekatwa na nani?"

Na kinachoniuma zaidi: fundi angeziweka hizo kurasa tupu zote mbili mwishoni, kurasa za 8 na 9 zingeangukia katikati kabisa ya kijitabu cha kurasa 16, karatasi moja iliyotandazwa, mchoro mzima bila kukatika.

Nilipomrudia akasema ningemwambia mapema. Nimwambie nini wakati mwenye mashine ni yeye? Na yule jamaa aliyenipeleka, anayejiita mshauri wa waandishi, alinisukumia nakala 500 kwa hoja kwamba gharama ya pleti, yale mabati ya kuchapia, haibadiliki. Kweli haibadiliki, uchape 50 au 5,000, ndiyo maana bei ya kila nakala hushuka. Lakini hakuniuliza hata mara moja kama kuna mtu ameshaisoma hadithi ikiwa imekunjwa. Kamisheni yake alichukua siku ileile.

Kwa hiyo kunja kwanza. Leo usiku chukua A4 nne, ziweke pamoja, zikunje mara moja: umepata kurasa 16 za A5. Andika namba kwa penseli. Bandika fotokopi za michoro yako kwa ukubwa uleule utakaochapwa, maana ukichora A4 na kuchapa A5 maandishi yanabaki kama asilimia 70, na maneno ya jini wako yanaweza yasisomeke. Piga pini mbili mgongoni. Kisha mpe mtu asiyeijua hadithi, nawe kaa kimya umtazame mikono. Akicheka kabla hajafungua ukurasa, mshangao wako umevuja, sogeza kurasa. Sisi tuliokulia gazeti la katuni la Sani, na wahusika wake kina Ndumilakuwili na Madenge, tumezoea vijisanduku vingi kwenye ukurasa mmoja na jicho kurukaruka. Kwenye kijitabu kidogo, mkono unaofungua ndio unaosimulia.

Fundi naye mpelekee hicho kijitabu chenyewe, mtie saini wote wawili, umwambie achape hivyo. Akikataa kusaini, ondoka na pesa zako.

Hadithi yangu ya pili nilitoa fotokopi 40 tu, karatasi ya kawaida ya gramu 80, nikabana mwenyewe kwa stepla ya mkono mrefu niliyoazima. Niligundua kosa nikiwa kwenye nakala ya sita. Nikachana sita, nikaanza upya.

Ukishakunja, weka picha hapa, kijitabu kikiwa wazi kwenye ukurasa wa 8 na 9. Niko macho mpaka saa sita usiku.