Glavu ya kubana usinunue, hata wakuapie kwamba ngozi inafunguka

Mkuu simama hapo hapo, hela usitume. Umesema mwezi wa 6 unahamia Makete kikazi, kule kwenye baridi ya Njombe, pikipiki utapanda kila siku, na umeshapata glavu nene za ngozi zenye manyoya ndani, zinakubana kidogo ila muuzaji kakwambia zitafunguka zenyewe, na chini yake utavaa zile za sufu. Nimesoma hapo kidole kikaanza kuniuma. Ndo maneno niliyoambiwa na mimi, mpaka hilo neno "zitafunguka".

Julai 2019 nilikuwa nafanya kazi ya mbegu za viazi, natoka Njombe mjini kwenda Makete mara mbili kwa wiki na Boxer ya ofisi. Safari ya kwanza nilivaa glavu za kawaida nikafika nalia, kwa hiyo jumamosi nikaenda kutafuta za maana. Jamaa akanitolea pea moja ya ngozi, 45,000, nzuri kwa macho, nene hatari. Nikavaa, ncha za vidole zinagusa mwisho, kidole gumba hakikunjiki vizuri. Nikamwambia kaka hizi zinabana. Akasema ngozi ni kama kiatu, wiki moja itakuwa ya kwako, na baridi ya huku inataka glavu inayoshika mkono isiingize upepo. Nikamwamini, kwa sababu yeye mwenyeji mimi mgeni. Akaniongezea na za sufu nivae ndani, eti mara mbili ya joto. Mpaka leo huyo jamaa nikimkumbuka damu inanichemka, maana hajawahi kupanda pikipiki saa 11 alfajiri hata siku moja, yeye anakaa dukani na jiko la mkaa miguuni.

Jumatatu nikatoka Njombe bado giza. Dakika ishirini za kwanza nikajisifu kweli, joto lipo. Halafu vidole vikaanza kuchoma, baadae maumivu yakaisha, na hapa ndo nataka unisikilize: maumivu yalipoisha nikadhani mikono imezoea. Haikuwa imezoea, ilikuwa imekufa ganzi. Kabla ya kufika Kipengere kuna kona, nikatokea nyuma ya fuso la mbao linatambaa, nikataka kushika breki ya mbele, vidole havikufunguka. Vimejikunja kwenye mpini wa eksileta kama vimegandishwa, nafikiri nimeachia kumbe bado navuta moto. Klachi nayo mkono wa kushoto siisikii, sijui nimeishika au sijaishika. Nikaona bora mtaro kuliko nyuma ya fuso.

Kidole kidogo cha kulia kikavunjika pale kwenye mkono wa breki, goti likachanika, shokapu ya mbele ikapinda. Wiki tano sikufanya kazi, na pikipiki ya ofisi nikakatwa kwenye mshahara miezi mitatu. Hizo glavu za 45,000 ukipiga hesabu zote zilinila zaidi ya laki saba. Na kabla hamjaanza kusema bwana shamba hajui kuendesha, njooni Julai tupande wote saa 11 alfajiri, chai nitalipa mimi, ila breki kila mtu ashike yake.

Nilivua glavu kwa meno. Vidole vyeupe kama mshumaa, na kwenye ngozi zile nyuzi za sufu zimejichora kote kama umelalia mkeka. Ndo nikaelewa kosa liko wapi. Glavu haina moto, mkono unapashwa na damu, na kinachozuia lile joto lisitoke ni hewa iliyotulia katikati ya manyoya. Ukibana, manyoya yanalala, hewa inakwisha, mishipa ya kidole inabanwa, damu haifiki. Ukiongeza na sufu ndani ya glavu ambayo haina nafasi umeongeza kubana tu, joto hujaongeza. Glavu nyembamba yenye nafasi itakufikisha mbali kuliko nene inayobana.

Mama mmoja wa pale jirani alinivuta nyumbani kwake, mimi nakimbilia jiko nikaweke mikono, akanishika akasema "mwanangu hapana, weka kwapani". Aliniokoa, kidole chenye ganzi kinaungua hujui. Na wewe usije ukashika injini au ekzosi kujipasha, nimeona vijana wanafanya hivyo.

Sasa sikia namna ya kupima, na hii usiruke. Usipimie mkono ukiwa umenyooka dukani, kila glavu inakaa vizuri ukinyoosha. Nenda nayo mpaka kwenye pikipiki, kaa, shika mpini, kunja vidole vyote, vuta klachi na breki mara kumi. Ukiwa umekunja hivyo ncha ya kidole isiguse mwisho wa glavu, ibaki nafasi kidogo, hata nusu ya kucha. Kama unataka kuvaa za ndani, pima ukiwa umezivaa hizo za ndani. Ikigusa, rudisha, chukua namba kubwa. Hakuna namba kubwa, ondoka. Muuzaji akisema itafunguka mwambie akuuzie ikishafunguka.

Halafu nje iwe kitu kisichopitisha upepo, maana upepo ndo unaoua huko. Asubuhi ikiwa nyuzi 5 na wewe unakwenda kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kama iko nyuzi 2 chini ya sifuri, na ukipanda kuelekea Kitulo ni zaidi ya mita 2,500, mwezi wa 6 na wa 7 nyasi unazikuta nyeupe kwa barafu. Zile kava za usukani zinazofunika mkono na mpini wote, ambazo bodaboda wa huko wanafunga, usizidharau, zinakata upepo bila kubana kitu. Mimi sasa hivi navaa glavu namba moja juu ya saizi yangu, sufu nyembamba ndani, na hizo kava. Pete navua, naweka mfukoni. Nikisikia vidole vinachoma nasimama hapo hapo, mikono kwapani mpaka vipate joto, ndo naondoka. Vikiacha kuuma wakati bado unaendesha, mkuu, paki.

Kesho kabla hujalipa niwekee hapa picha umekaa kwenye pikipiki, umevaa hizo glavu na umevuta klachi. Nataka nione ncha za vidole.