Uliza Mwalimu: KCSE ya mwaka mmoja, koleji iko juu ya duka

SWALI: Mwalimu salaam aleikum. Mimi ni dada wa miaka 27, naishi Barani hapa Malindi, nafanya landri hoteli moja ya ufuoni. Shule niliachia Fomu 2 nkiwa na mimba, cheti cha KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ninacho. Sasa kuna koleji ndogo mjini, iko juu ya duka la vitambaa, vyumba vitatu tu, wanasema masomo ni jioni na kwa mwaka mmoja nafanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na cheti napata. Wanataka nusu ya fii kabla sijaingia darasani. Mume wangu anasema nnaibiwa. Nnaibiwa kweli?
– Dada wa landri, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Udogo wa koleji mimi haunitishi, kuna watu wametoka vyumba kama hivyo na gredi nzuri na kuna shule zina geti kubwa la chuma ndani hamna kitu. Kinachonitisha ni hilo neno "cheti napata". Cheti hakitoki kwa koleji, kinatoka KNEC, baraza la mitihani la taifa, koleji kazi yake ni kukusomesha tu, kwa hio anaekuahidi cheti anakuuzia mali si yake. Siku ukienda, kabla hata ya kuuliza fii, uliza hivi: mtihani ntaukalia wapi? Manake watahiniwa wa praiveti, yaani wasiokalia mtihani kama wanafunzi wa shule, wanasajiliwa kwa senta zilizotengwa na ofisi ya elimu ya sabkaunti, na usajili unafanywa mapema mwanzoni mwa mwaka, ukipitwa umepitwa mpaka mwaka mwingine hata uwe umesoma vipi. Wakikujibu "hilo tuachie sisi", shuka ngazi urudi zako. Nenda mwenyewe ofisi ya elimu, uulize senta ya praiveti Malindi ni ipi, kuuliza hakuna malipo. Na mumeo nenda nae, asikie kwa masikio yake.

Pesa ya KNEC ya mtihani na fii ya koleji ni vitu viwili, usikubali vichanganywe kwa risiti moja. Ukishasajiliwa dai uone karatasi yenye jina lako na masomo yako, uisome polepole, jina liwe vile vile kama la KCPE, herufi kwa herufi. Dada zetu wengi wakiolewa wanachukua kitambulisho kwa jina lingine, halafu wanakuja kuhangaika na makaratasi siku za mwisho.

Halafu maabara. Ili upewe gredi ya jumla lazima ukalie masomo yasiyopungua saba, na ndani yake sayansi mbili, wengi wanachukua bayolojia na kemia. Kemia Pepa 3 ni praktiko, unasimama na bureti mbele yako unaachia tone tone mpaka rangi igeuke, uandike namba. Hio huisomi ubaoni. Waambie wakuoneshe hio bureti, na kama hawana wakwambie wanaenda kufanyia wapi na mara ngapi, wengine wana mpango na shule ya jirani siku za Jumamosi na hio ni sawa kabisa.

Masomo chagua kwa akili. Toka 2023 gredi inahesabiwa kwa hisabati, lugha moja, na mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Kama umepita madrasa vizuri IRE, yaani elimu ya dini ya Kiislamu, usiiache, business pia nzuri kwa mtu anaefanya kazi. Agrikalcha na kompyuta zina projekti ya kusimamiwa miezi, kwa mtu wa jioni ni mzigo tu. Na Kiswahili, hapo ndo watu wa pwani tunajidanganya, tunakiongea toka utotoni tunadhani basi A hio hapo, kumbe kuna insha, kuna ngeli, kuna isimu jamii na fasihi ya vitabu teule ambavyo hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, usije ukasoma vya dadako mkubwa.

Hio ya mwaka mmoja sasa. Mtu alieachia Fomu 2 mimi nampa miaka miwili. Hesabu Pepa 1 sana sana ni ya Fomu 1 na 2, hapo utashika, lakini Pepa 2 ni Fomu 3 na 4 ambazo hujawahi kukaa. Ila usivute sana, darasa la mwisho la 8-4-4, huu mfumo wa masomo unaoondolewa, linakaa KCSE 2027. Bahati yako hoteli zinalala Aprili mpaka Juni, hio miezi ishike vizuri, na mtihani wa Novemba unaisha kabla wageni wa Krismasi hawajajaa. Uliza pia walimu wao ni nani, manake wengi ni vijana wanaongoja kuitwa na TSC, tume inayoajiri walimu, akiitwa anaondoka kesho na wewe unabaki na nusu ya silabasi. Kwa hio lipa mwezi kwa mwezi. Nusu ya fii kabla ya kuketi, la.

SWALI: Mwalimu, kijana wangu wa boda alipata D+ KCSE anataka kurudia, koleji wanasema asajili masomo matatu tu aliyoanguka. Ni sawa?
– Baba, Mambrui

JIBU: Mzee wangu, matatu hayampi gredi mpya ya jumla, akitaka gredi ibadilike akalie saba. Lakini kwanza muulize anataka kuwa nani. D+ inamuingiza kozi ya cheti kwenye taasisi ya ufundi sasa hivi, umeme, plambing, upishi, na akimaliza anapanda diploma. Kama ni diploma moja kwa moja atafute C-, kama ni digrii C+. Kutoka D+ mpaka C+ kwa masomo ya jioni, na boda mchana? Mimi ningemtia ufundi.

SWALI: Binti yangu alijifungua akiwa Fomu 3, watu wananambia shule haimtaki tena nimtie koleji ya jioni. Niko Langoni, Lamu.
– Mama wa Amu

JIBU: Mama, hao watu wasikubabaishe. Mwongozo wa wizara wa 2020 unamruhusu kurudi, shule ile ile au nyingine akiona haya. Nenda kwa mkuu wa shule, ukikataliwa panda ofisi ya elimu. Akiwa shule ana maabara, ana walimu mchana kutwa, na senta ya mtihani ni pale pale. Koleji ni ya mtu ambae darasa limempita kama huyo dada wa landri. Wewe kazi yako ni kutafuta nani atashika mtoto asubuhi.